Kizuka: Simu inawahi, runinga inathibitisha

KIZUKA, Rumonge. Jumatano ya tarehe 7 Juni 2023, Benki ya Jamhuri ya Burundi ilitangaza kwamba noti za faranga 5,000 na 10,000 zilizokuwa mikononi mwa watu zinaondolewa katika mzunguko. Muda uliotolewa ulikuwa siku kumi. Aliyekuwa nazo alitakiwa kuzifikisha benki kabla ya muda huo kwisha. Baada ya hapo zingebaki karatasi tu.

Kwa mwenye duka jirani na benki mjini Bujumbura, siku kumi ni nyingi. Kwa mchuuzi wa mwambao wa Ziwa Tanganyika, hesabu ni nyingine kabisa. Noti hizo mbili ndizo kubwa kuliko zote nchini, na ndizo mtaji unamofungwa. Mtu huuza mawese yake, akapokea faranga, akazifunga kwenye kitambaa na kuvuka nazo kwenda Kigoma au Uvira kutafuta bidhaa nyingine. Wengine huziacha huko kwa ndugu au kwa mteja wanayeaminiana naye, zingoje safari ijayo. Tangazo la benki likimkuta mtu kama huyo ng'ambo ya ziwa, kila siku anayochelewa kulisikia ni siku moja imetolewa katika zile kumi.

Swali ambalo wasomi hulijadili katika vyuo vya habari, kwamba kati ya runinga na intaneti ni chombo kipi kinachowafikia watu wengi zaidi, huku Kizuka linaulizwa kwa namna nyepesi zaidi: habari hii itanifikia kabla pesa yangu haijafa?

Kizuka ni zoni ya tarafa ya Rumonge, katika ukanda wa kusini mwa Burundi unaolala kati ya milima na ziwa. Barabara ya taifa namba 3 inapita kando ya maji kutoka Bujumbura, ikafika Rumonge baada ya kilomita takriban 75, kisha ikaendelea Nyanza-Lac na Mabanda kuelekea mpaka wa Tanzania. Hii ndiyo nchi ya michikichi. Mawese ya Rumonge yanajulikana Burundi nzima, na ziwa linatoa ndagala na mikeke. Ukishuka Kigoma, ndagala huitwa dagaa, na mikeke huitwa migebuka. Samaki ni wale wale, ziwa ni lile lile, bei ndiyo inayobadilika.

Kiswahili nacho kina mizizi mirefu hapa. Biashara ya ziwa ilikileta, na historia ya machungu ikakikuza. Mwaka 1972, ghasia zilizoanzia sehemu hizi za kusini na mauaji yaliyofuata ziliwafanya maelfu kwa maelfu wakimbilie Tanzania. Wengine walirudi miaka zaidi ya thelathini baadaye na watoto waliozaliwa na kusoma huko, wengine walipewa uraia wa Tanzania na kubaki. Ndiyo maana familia nyingi za mwambao huu zina shangazi Kigoma, kaka Uvira na mjomba Bujumbura. Habari ya upande mmoja inawahusu wa pande zote.

Nani alitangulia kuwa na runinga

Wengi hudhani kwamba runinga imekuwako siku zote na intaneti ndiyo mgeni. Katika ukanda huu wote wawili ni wageni, na kila mmoja aliingia kwa mlango wake.

Kenya ilianza kurusha matangazo ya runinga mwaka 1962, Uganda mwaka 1963, na Kongo, iliyoitwa baadaye Zaire, mwaka 1966. Zanzibar ilifuata mwanzoni mwa miaka ya 1970, tena kwa runinga ya rangi, jambo lililokuwa la ajabu Afrika kusini mwa Sahara wakati huo. Burundi ilipata runinga ya taifa mwaka 1984. Tanzania Bara ilikaa bila kituo chake mpaka mwaka 1994. Serikali ya Mwalimu Julius Nyerere iliona kwamba nchi maskini ina mahitaji mengine ya kwanza, na redio ikaachiwa kazi yote.

Kwa hiyo kwa miaka kumi hivi, taifa la upande huu wa ziwa lilikuwa na runinga na taifa la upande wa Kigoma halikuwa nayo. Leo mambo yamegeuka. Runinga ya taifa ya Burundi, RTNB, ina taarifa ya habari ya Kiswahili pamoja na Kirundi, Kifaransa na Kiingereza, lakini burudani ya Kiswahili inayoangaliwa mwambaoni, yaani mpira, muziki na tamthilia, kwa sehemu kubwa inatoka Dar es Salaam kwa setilaiti.

Jambo la kukumbuka katika historia hiyo ni kwamba runinga kila mahali ilikuja kwa uamuzi wa serikali. Mtambo ni ghali, masafa ni ya dola, na kituo kinahitaji kibali. Intaneti ilikuja kwa njia ya wafanyabiashara wa simu. Nyaya za chini ya bahari zilipofika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 2009 na 2010, nchi zisizo na bahari kama Burundi zilivutiwa mkongo kupitia kwa majirani. Kampuni za simu ziliposhindania wateja, bando likaanza kuuzwa kwa vipande vidogo vya siku moja au wiki, vinavyolingana na mfuko wa muuza ndagala.

Gharama ya kutazama, gharama ya kuuliza

Burundi ni miongoni mwa nchi ambazo umeme wa gridi umewafikia watu wachache zaidi duniani. Hilo peke yake linaamua mengi. Runinga inataka umeme kwa saa kadhaa, inataka ungo au antena, inataka king'amuzi, na king'amuzi kinataka malipo ya mwezi. Kwa kaya nyingi za kijijini, njia ya kuangalia ni kwenda kwa jirani mwenye sola, au kulipa kiingilio kidogo kwenye kibanda chenye jenereta siku ya mechi.

Simu haihitaji yote hayo. Inachajiwa kwa sola ndogo au kwenye kibanda cha kuchajisha, inakaa mfukoni, na inaingia kwenye mtumbwi. Hata hivyo simu janja bado si ya kila mtu. Wengi mwambaoni wana simu ya batani, inayopiga, kupokea na kutuma pesa tu. Huyo intaneti humfikia kwa mdomo: mwenye simu janja husikiliza, kisha husimulia sokoni. Ukihesabu wenye bando pekee, utapata watu wachache. Ukihesabu wanaosimuliwa, utapata soko zima.

Zaidi ya bei, vyombo hivi viwili vinafanya kazi tofauti. Runinga inasema, nawe unasikiliza. Kinachosemwa Bujumbura ndicho kinachosemwa Rumonge, kwa dakika ile ile na kwa maneno yale yale. Intaneti inakuruhusu kuuliza. Mchuuzi anayetaka kujua kama soko la Uvira limejaa ndagala leo hawezi kuiuliza runinga. Anatuma ujumbe wa sauti kwa mtu wake aliyeko huko, anatumiwa picha ya debe, na anaamua apakie au asubiri. Ujumbe wa sauti, hasa, umewafungulia mlango watu ambao kusoma na kuandika kunawapa shida. Hauhitaji herufi hata moja.

Mfano mzuri ni bei ya fedha. Taarifa ya habari husoma kiwango rasmi cha dola. Mwezi mmoja kabla ya kutoa noti zile katika mzunguko, Mei 2023, Benki ya Jamhuri ilikuwa imeishusha thamani faranga. Hata baada ya hapo, bei ya mitaani iliendelea kuwa mbali na ile rasmi. Mtu anayenunua vitenge Kigoma anaijua tofauti hiyo kwa maumivu, kwa sababu mzigo wake unapangwa bei kwa hali halisi ya soko. Hali hiyo haisomwi kwenye runinga. Inazunguka kwenye makundi ya WhatsApp. Vivyo hivyo kwa mafuta ya gari: katika miaka hii ya uhaba wa petroli Burundi, nani ana mafuta leo na boti gani itaondoka ni habari ya simu, nayo huchacha kabla ya jioni.

Usiku wa timu tatu

Pamoja na hayo, lipo jambo ambalo intaneti haijaliweza kama runinga. Januari 2024, katika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika nchini Ivory Coast, kundi F lilikuwa na Morocco pamoja na Zambia, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Tanzania. Hizo tatu za mwisho zote zinapakana na Ziwa Tanganyika. Katika nchi nne za ziwa, ni Burundi tu iliyokosekana. Kongo na Zambia zilitoka sare ya 1-1, Zambia na Tanzania zikatoka sare ya 1-1, na tarehe 24 Januari Tanzania na Kongo zikamaliza 0-0.

Kwa mtu wa mwambao wa Rumonge, mechi hizo zilikuwa za ndugu kwa ndugu, na hakuna njia ya kuzitazama inayoishinda runinga. Watu hamsini mbele ya kioo kimoja hutumia umeme wa kioo kimoja. Watu hamsini wakitazama mechi ile ile kwenye simu wangehitaji mabando hamsini, na mnara wa mtandao wa kijijini ungelemewa. Ungo wa setilaiti haujali ni wangapi wanaotazama. Yaani kadiri watazamaji wanavyozidi, runinga inakuwa rahisi zaidi kwa kila kichwa, na intaneti inabaki na gharama yake kwa kila simu.

Tena walioangalia pamoja wana neno moja asubuhi. Muuza mawese wa Kizuka na mteja wake wa Kigoma wanaweza kuanza mazungumzo ya bei kwa utani wa ile sare bila goli. Makundi ya simu hayatoi hilo kwa urahisi, kwani kila kundi lina habari zake, na mtu wa kundi hili hajui la kundi lile limeambiwa nini.

Shingo ya chupa

Wapo wanaoamini kwamba intaneti haizuiliki. Historia ya karibuni ya nchi za ziwa inasema vingine.

Mwishoni mwa Aprili 2015, maandamano yalipoanza Bujumbura, mitandao ya kijamii ilifungwa kwenye simu. Tarehe 13 Mei mwaka huo, Rais Pierre Nkurunziza akiwa Dar es Salaam kwenye mkutano wa wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, Jenerali Godefroid Niyombare alitangaza kupitia redio za binafsi kwamba amempindua. Kesho yake risasi zilirindima kuzunguka majengo ya RTNB, maana kila upande ulijua kuwa mwenye kituo cha taifa ndiye atakayeaminiwa. Jaribio likashindwa. Katika siku hizo mbili, vituo binafsi vikubwa vya Burundi viliharibiwa, ikiwemo Renaissance, iliyokuwa redio na runinga pamoja. Waandishi waliokimbia ndio walioanza kutuma habari kwa sauti fupi fupi kwenye WhatsApp. Kituo kilichochomwa kilirudi kwa umbo la ujumbe wa simu.

Lakini simu nayo ina shingo ya kukabwa. Kongo ilikata intaneti baada ya uchaguzi wa tarehe 30 Desemba 2018, na haikurudi mpaka siku ishirini hivi zilipopita. Burundi ilifunga mitandao ya kijamii siku ya uchaguzi, 20 Mei 2020. Uganda ilikata intaneti yote Januari 2021, na Tanzania ikafanya hivyo siku ya uchaguzi, 29 Oktoba 2025. Kwa mchuuzi anayeagiza mzigo kwa simu, siku hizo ni kama dhoruba ziwani. Vyombo vinabaki ufukweni.

Na si siasa tu. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ikadhoofika Tanzania na katika nchi nyingine za ukanda huu. Siku tatu baadaye, tarehe 15 Mei, Tanzania ilianza kupumzisha uvuvi katika upande wake wa Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, hadi 15 Agosti. Hiyo ilikuwa habari kubwa kwa kila anayeishi kwa dagaa na migebuka, Mtanzania au Mrundi. Katika wiki kama hiyo, aliyekuwa na redio au runinga hakuwa gizani.

Ujumbe usio na mwenyewe

Rudi sasa kwenye noti. Tangazo kama lile la 7 Juni 2023 likisomwa kwenye runinga, lina jina la benki, lina tarehe, na lina msomaji ambaye sura yake inajulikana. Likikosewa, yupo wa kuulizwa. Likifika kwenye simu, linaweza kuwa picha ya barua yenye muhuri, au sauti ya mtu asiyejitaja, au maneno matatu yaliyosambazwa mara nyingi hata mwanzo wake hauonekani. Barua halisi na barua ya kughushi huonekana sawa kwenye kioo kidogo.

Hapo ndipo hasara huzaliwa. Mwenye noti akiambiwa kwamba zimeshakufa kabla ya muda wake, ataziuza kwa bei ya hasara kwa mtu anayejidai ana mlango benki. Akiambiwa muda umeongezwa, atakaa, na siku ya kumi itampita. Katika mambo ya fedha, uvumi una faida kwa mtu fulani, na mtu huyo mara nyingi ndiye aliyeuanzisha.

Busara ambayo wafanyabiashara wa ziwa wamejifunza ni kuvitumia vyombo vyote viwili kwa zamu. Simu ndiyo inayogonga mlango kwanza. Kisha huja maswali ya kawaida: nani aliyesema kwa mara ya kwanza, ni tarehe gani iliyoandikwa, na je, benki, forodha au wizara yenyewe imelisema? Ndugu wa Bujumbura anapigiwa aangalie taarifa ya habari ya jioni. Shangazi wa Kigoma anaulizwa kama vituo vya Tanzania vimelitaja. Vikikubaliana, mzigo unaondoka. Visipokubaliana, noti zinakaa mfukoni na hakuna anayeuza kwa hofu.

Kuna habari ambazo mpaka sasa hazijapata chombo kati ya hivi viwili. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina cheti rahisi cha uasili wa bidhaa kwa mzigo usiozidi dola 2,000, ambacho humwezesha mfanyabiashara mdogo kupitisha bidhaa za ndani ya Jumuiya bila ushuru wa forodha. Maelezo yake yapo kwenye tovuti, mengi yakiwa kwa Kiingereza. Runinga huonyesha mawaziri wakikata utepe mpakani, ila fomu yenyewe haiwekwi kwenye kioo na kusomwa mstari kwa mstari. Matokeo yake, anayevuka Mugina kwenda Manyovu na magunia mawili anaweza kulipa asichodaiwa, kwa sababu tu hakuna aliyemwambia kwa lugha yake. Kipindi cha dakika kumi kwa Kiswahili, kikirushwa kwenye runinga na kukatwa vipande vya sauti kwa ajili ya simu, kingemfaa kuliko hotuba nyingi.

Katika mashindano haya, basi, kila chombo kina ushindi wake. Intaneti imeshinda kwa wepesi, kwa mazungumzo, na kwa habari ndogo ndogo zinazolisha familia. Runinga bado inashinda pale ambapo watu wengi wanahitaji kuona kitu kimoja kwa wakati mmoja, na pale ambapo neno linahitaji mwenyewe. Redio, ambayo haikualikwa kwenye ubishi huu, inaendelea kuwafikia wasio na chochote kati ya hivyo viwili.

Jioni, giza linapoingia mwambaoni na taa za wavuvi zinapoanza kuonekana majini, betri ile ile ya sola inayowasha runinga ndiyo inayochaji simu za majirani, zimepangwa chini ya kioo na nyaya zake zimesokotana. Taarifa ya habari ikianza, mwenye nyumba huongeza sauti. Baadhi ya simu huondolewa kwenye chaji kabla hazijajaa, kwa kuwa kuna mtu upande wa pili wa ziwa anayesubiri kuambiwa kilichosomwa.